Dai Si Lako

Tarehe 20 Februari 1965, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, U Thant, na Waziri wa Mambo ya Nje wa Ubelgiji, Paul-Henri Spaak, waliandikiana barua za kumaliza deni. Umoja wa Mataifa ulikubali kutoa dola 1,500,000 za Marekani kwa ajili ya Wabelgiji waliopoteza jamaa, nyumba na mali nchini Kongo, hasa jimbo la Katanga, wakati majeshi yake yalipokuwa yakipambana na askari wa Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo hilo lililojitenga. Madai yaliyofikishwa yalikuwa kiasi cha 1,400. Yaliyokubaliwa ni 581. Ukigawa sawasawa, kila dai linaangukia dola 2,580 hivi, ingawa kazi ya kugawa iliachiwa serikali ya Ubelgiji yenyewe. Tena hakuna aliyehesabu noti: kiasi hicho kilikatwa tu kwenye michango ambayo Ubelgiji ilikuwa haijaulipa Umoja wa Mataifa.

Umoja wa Kisovieti ulikuja juu. Wabelgiji, kwa hoja ya Moscow, ndio waliovuruga Kongo, na mvurugaji hapewi fidia. U Thant akajibu kwamba shirika lake hulipa pale linapowajibika kisheria kwa madhara yaliyompata mtu. Jibu la kiungwana. Lakini ukizitazama nchi nyingine zilizofunga makubaliano ya namna hiyo baada ya Ubelgiji, yaani Uswisi, Ugiriki, Luxembourg na Italia, ni Ulaya tupu. Mwenye nyumba wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, aliyekuwa na pasipoti ya Ubelgiji alikuwa na wizara nzima ya kumwandikia barua. Jirani yake Mkongomani, waliyesalimiana kwa Kiswahili kila asubuhi, bomu lilimpiga akiwa kwao. Hakuwa mgeni wa mtu, kwa hiyo mlango huo kwake haukuwepo.

Nani hulipa mali ya mgeni mji unapowaka? Swali hili limetumia mizinga, majaji na makarani kwa zaidi ya miaka 250, na majibu yake hutegemea vitu ambavyo mwenye duka havimpitii akilini anapofunga komeo jioni: pasipoti yake ni ya wapi, leseni imeandikwa jina gani, na mkono utakaovunja mlango ule ni wa nani.

Tuanze na pasipoti. Mwaka 1758 Emer de Vattel, mwanasheria wa Uswisi, aliandika kwamba anayemtenda vibaya raia huwa ameitenda vibaya nchi ya raia huyo. Wazo hilo lilingoja hadi 1924 kupata muhuri wa mahakama, katika shauri la Mavrommatis, ambamo Ugiriki iliishtaki Uingereza kuhusu vibali vya biashara vya raia wake huko Palestina. Majaji wa The Hague walisema serikali inapolibeba dai la raia wake inadai haki yake yenyewe. Msomaji anaweza kuona hilo ni suala la maneno tu. Matokeo yake ni makubwa. Dai likishapita mlango wa wizara, si lako tena. Serikali yako inaweza kulikomalia, kulipunguza, kulifunga pamoja na mengine mia kwa bei ya jumla, au kulisamehe kwa sababu wiki ijayo kuna mazungumzo ya bomba la mafuta. Mwaka 1970, katika shauri la Barcelona Traction, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema wazi kwamba serikali ina uhuru wa kuamua kama itamlinda raia wake, kwa kiasi gani na hadi lini, na kwamba uamuzi huo unaweza kutokana na siasa zisizohusiana kabisa na kilichompata.

Mwaka 2006 Tume ya Sheria ya Kimataifa ilijaribu kulainisha jambo hili katika rasimu yake ya vifungu vya ulinzi wa kidiplomasia. Inapendekeza kwamba serikali iwasikilize waliopata hasara, na ikishapokea fidia iwapelekee. Inapendekeza tu. Hivyo, kwa sheria ya kimataifa, serikali inaweza kupokea fedha za jeraha lako, na anayeweza kuibana izifikishe kwako ni mahakama za nyumbani, kama zipo na kama zinathubutu.

Zamani meli za kivita ndizo zilizokuwa zikipeleka bili. Pasaka ya 1847 umati wa watu mjini Athens uliivamia na kuipora nyumba ya David Pacifico, mfanyabiashara Myahudi aliyekuwa raia wa Uingereza kwa kuzaliwa Gibraltar. Alidai fanicha, vito, na hati alizosema zilithibitisha kwamba Ureno ilikuwa na deni lake kubwa; jumla ikapita pauni 26,000. Ugiriki haikulipa. Januari 1850 Lord Palmerston, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliizingira bandari ya Piraeus kwa manowari na kukamata meli za Wagiriki. Bungeni alishutumiwa, naye Juni mwaka huo akasimama karibu saa tano akimlinganisha raia wa Uingereza na raia wa Roma ya kale, ambaye popote alipo mkono wa dola humfikia. Alishinda kwa kura 310 dhidi ya 264. Mwaka uliofuata tume iliyokaa Lisbon ilizikagua zile hati maarufu za Ureno na kuona thamani yake ni pauni 150.

Kisa hicho hutajwa sana na wanasheria kama mwanzo wa fahari ya ulinzi wa raia. Mimi hukiona kama onyo kuhusu bili ambayo hakuna aliyeikagua kabla manowari hazijang'oa nanga. Ufaransa ilikwisha kufanya mfano wake miaka 12 kabla, ilipoidai Mexico peso 600,000 kwa hasara za raia wake katika vurugu za nchi hiyo, mmojawapo akiwa mwoka mikate wa Tacubaya ambaye duka lake liliharibiwa na maofisa wa jeshi. Novemba 1838 wanamaji wa Kifaransa waliipiga mizinga ngome ya San Juan de Ulúa kule Veracruz. Mwaka uliofuata Mexico ikaahidi kulipa peso zote 600,000. Vita hiyo hadi leo inaitwa Vita ya Keki.

Waliochapwa na bili za namna hiyo ndio waliotunga jibu. Carlos Calvo, mwanadiplomasia wa Argentina, alichapisha mwaka 1868 kitabu cha sheria ya kimataifa kilichosema kwamba mgeni hawezi kudai ulinzi unaozidi ule wa mwenyeji. Kama mwenyeji aliyeporwa katika ghasia anakwenda mahakama za nchi na kupata anachopata, mgeni naye apange foleni hiyo hiyo. Nchi nyingi za Amerika ya Kusini zikaanza kuandika sharti hilo katika mikataba na wawekezaji. Mwaka 1902, Ujerumani, Uingereza na Italia zilipoizingira Venezuela kwa sababu ya madeni na hasara za raia wao katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Luis María Drago, waziri wa mambo ya nje wa Argentina, aliongeza kwamba deni la dola halikusanywi kwa bunduki.

Ajabu ni kwamba wakubwa nao walimkumbuka Calvo pale ghasia zilipotokea kwao. Septemba 1885 wachimba makaa wa kizungu huko Rock Springs, Wyoming, waliwaua Wachina 28 na kuzichoma nyumba zao. China ilidai. Washington ilijibu kwamba serikali haiwajibiki kwa matendo ya umati, kisha bunge likatoa dola 147,748.74, hadi senti ya mwisho, kwa jina la hisani. Mwaka 1891 umati wa New Orleans uliwaua watu 11 wenye asili ya Italia waliokuwa gerezani. Italia ikamrudisha nyumbani balozi wake, na mwaka uliofuata Marekani ikatoa kiasi cha dola 25,000, tena bila kukiri kosa. Neno hisani lina kazi kubwa katika diplomasia. Fedha hutoka na wajibu hubaki ndani, ili mwaka kesho mwingine asije na karatasi akisema mlimlipa fulani.

Katika ugomvi huu wa manowari na hisani ndimo zilimozaliwa kanuni tunazotumia hadi leo, na nyingi zilipikwa Caracas mwaka 1903, mbele ya tume zilizoundwa kuyapima madai dhidi ya Venezuela. Katika shauri la Sambiaggio, mwamuzi Jackson Ralston alikuwa na Mwitalia ambaye mali yake ilichukuliwa na waasi. Waasi wale walishindwa. Ralston aliamua kwamba serikali haiwezi kubebeshwa matendo ya watu waliokuwa wakipigana kuiangusha, isipokuwa ikionekana ilizembea pale ilipoweza kuzuia. Shauri jingine la Caracas, la kampuni ya reli ya Bolívar, lilitoa upande wa pili wa sarafu: waasi wakishinda na kuingia ikulu, deni ni lao tangu risasi ya kwanza. Tume ya Sheria ya Kimataifa iliiweka kanuni hiyo katika kifungu cha 10 cha vifungu vyake vya mwaka 2001. Aliyeshinda hurithi madeni ya msituni. Kwa mantiki hiyo, lori la mgeni lililochukuliwa na waasi wa NRA huko Luwero liligeuka kuwa suala la serikali ya Uganda Januari 1986, Kampala ilipoanguka. Na ghala lililofunguliwa kwa nguvu na waasi wa AFDL likawa la serikali ya Kinshasa Mei 1997. Sijui ni wafanyabiashara wangapi wa mipakani waliowahi kuambiwa hivyo.

Upo uamuzi mmoja wa Afrika ambao wanafunzi wa sheria huupita haraka. Mwaka 1898 Waingereza walitoza kodi ya nyumba katika eneo la ndani la Sierra Leone. Watu wakaasi, na misheni za Wamarekani zikachomwa, wamisionari kadhaa wakauawa. Marekani iliidai Uingereza kwa niaba ya jumuiya ya wamisionari hao, ikisema serikali ilitoza kodi ikijua itachukiwa na haikujiandaa. Mwaka 1920 jopo la wasuluhishi lililitupa dai. Kodi ni haki ya kila serikali, lilisema, na serikali isiyokuwa na nia mbaya wala uzembe haiwajibiki kwa uasi. Isitoshe wamisionari walijua hatari za mahali walipokwenda. Hoja hii ya mwisho hunikereketa. Anayefungua duka Juba, Goma au Johannesburg anajua hatari pia. Kama kujua hatari kunapunguza haki, anayestahili fidia atakuwa mtu asiyesoma magazeti.

Hata hivyo kiini cha uamuzi ule kimebaki: serikali haikuwekea bima mali ya mgeni. Inadaiwa uangalifu, yaani ilifanya nini kwa nguvu ilizokuwa nazo na habari ilizokuwa nazo. Polisi walikuwa wapi? Waliarifiwa saa ngapi? Baada ya moto kuzimika, kuna aliyekamatwa?

Mambo hubadilika mporaji anapokuwa amevaa sare. Mwaka 1880 huko Angangueo, Mexico, Wamarekani watatu walizingirwa na umati wa watu. Meya akatuma askari kuutawanya. Askari walipofika waliigeuzia bunduki nyumba waliyotumwa kuilinda, na Wamarekani wote watatu wakafa. Tume ya madai ya Marekani na Mexico ilisema mwaka 1926 kwamba askari aliye kazini, chini ya ofisa wake, ni mkono wa dola hata anapovunja amri. Wakazi wa Kinshasa hawahitaji kufafanuliwa hilo. Septemba 1991 askari waliochoshwa na mishahara isiyofika walitoka kambini na kuupora mji. Januari 1993 wakarudia. Miongoni mwa vilivyoporwa ni kiwanda cha kampuni ya Sinza, iliyokuwa chini ya kampuni ya Kimarekani, AMT. Zaire na Marekani zilikuwa na mkataba wa kulinda uwekezaji wa mwaka 1984, na AMT ikautumia kwenda mbele ya wasuluhishi wa kituo cha Benki ya Dunia, Washington. Uamuzi wa Februari 1997 ulisema hakukuwa na haja hata ya kubishana kama waporaji walikuwa wanajeshi au wezi wa kawaida: Zaire iliahidi ulinzi na haikufanya lolote. Ilitakiwa kulipa dola milioni 9. Miezi mitatu baadaye Zaire ikawa haipo tena kwa jina hilo.

Tazama kilichobadilika hapo. Kampuni ilikwenda yenyewe. Haikumpigia balozi magoti, haikungoja wizara iamue kama uhusiano unaruhusu. Njia hiyo ilikuwa imefunguliwa na shauri la mwaka 1990 la AAPL, kampuni iliyokuwa na hisa katika shamba la kamba karibu na Batticaloa, Sri Lanka. Januari 1987 majeshi ya serikali, yakiwasaka waasi wa Tamil, yaliliharibu shamba hilo na wafanyakazi zaidi ya 20 wakauawa. Wasuluhishi walikataa kwamba maneno ya mkataba kuhusu ulinzi kamili yanaifanya serikali ilipe kila hasara. Lakini waliona ingeweza kuzungumza na wakuu wa shamba na kuwaondoa watu iliowashuku kabla ya kuingiza askari, na haikujaribu. Tuzo: dola 460,000, kwa kampuni iliyodai zaidi ya milioni 8. Familia za wale waliokufa, raia wa Sri Lanka, hazikuwa sehemu ya shauri.

Hivyo leo pana ngazi mbili. Mwenye kampuni na mkataba wa uwekezaji nyuma yake hupanda ndege kwenda kwa wasuluhishi na mawakili. Mwenye kibanda hurudi kwenye dirisha la ubalozi, kule kule alikokuwa Pacifico, ila bila manowari.

Na hata kuwa na kampuni kunaweza kumgeuka mtu. Ahmadou Sadio Diallo, raia wa Guinea, aliingia Kongo mwaka 1964 na kujenga humo kampuni mbili, Africom-Zaire na Africontainers. Ghasia hazikumgusa, alichoponzwa nacho ni kudai madeni. Kampuni zake zilikuwa zikiidai serikali na makampuni makubwa ya mafuta, na Januari 1996, baada ya kuwekwa kizuizini, alifukuzwa nchini. Guinea ililipeleka suala lake The Hague mwaka 1998. Mwaka 2007 mahakama ilisema Guinea haiwezi kudai kwa niaba ya kampuni zile, kwa sababu zilisajiliwa Kongo, kwa hiyo ni Wakongomani. Alibaki Diallo na mwili wake: kukamatwa, kuzuiliwa, kufukuzwa. Mwaka 2012, baada ya Guinea kudai zaidi ya dola milioni 11, tuzo ikatoka: dola 95,000. Ilitolewa kwa Guinea, majaji wakikumbusha kwamba imekusudiwa kumfidia Diallo. Kila Mkenya aliyesajili kampuni Dar es Salaam, kila Mtanzania mwenye kampuni Lubumbashi, anapaswa kulisoma shauri hili kabla ya kusoma mwongozo wowote wa uwekezaji. Sheria za nchi mara nyingi hutulazimisha kusajili kampuni ya humo humo ili tupate leseni. Siku ya moto, kampuni hiyo ni mwenyeji.

Uraia nao hupimwa siku ya hasara, si siku ya malalamiko peke yake. Ndiyo maana Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 hayakuacha mlima wa madai ya kidiplomasia unaolingana na mali iliyopotea. Wengi waliopoteza nyumba na mashamba ya karafuu walikuwa raia wa Zanzibar yenyewe. Waliofika Muscat au London wakapata pasipoti mpya baadaye, lakini serikali mpya haiwezi kudai jeraha alilopata mtu kabla hajawa wake. Kwa macho ya kanuni lilikuwa jambo la dola na watu wake.

Mahakama iliyoundwa na Iran na Marekani baada ya makubaliano ya Algiers ya 1981 ilionyesha jinsi uzi unavyoweza kuwa mwembamba. Mfanyakazi mmoja wa kampuni ya Kimarekani aliondoka Iran tarehe 8 Februari 1979 kwa amri ya mwajiri wake, mitaa ikiwa imejaa kelele dhidi ya Wamarekani. Alishindwa: kelele za umati si amri ya dola, na hakuonyesha ni ofisa gani aliyemfukuza. Mwingine alifuatwa siku tano baadaye na vijana wenye silaha wa mapinduzi yaliyokwisha kushinda, akapewa nusu saa kufungasha. Huyo alishinda. Wote wawili waliondoka nchi moja kwa hofu ile ile, ila mmoja alikuwa na busara ya kuondoka mapema, na busara hiyo ikamgharimu.

Kwetu, ghasia nyingi ni kama za yule wa kwanza: umati, hofu, lori lililoachwa njiani. Mei 2008, ghasia zilizoanzia Alexandra, Johannesburg, ziliua watu 62. Septemba 2019 zilirudi, na Nigeria ikadai fidia, ndege zikapeleka mamia ya Wanigeria nyumbani. Afrika Kusini ilimtuma Jeff Radebe kwa Rais Buhari na salamu za kuomba radhi. Nchi hiyo ina shirika la serikali la bima ya ghasia, Sasria, lililoanzishwa 1979 baada ya machafuko ya Soweto. Machafuko ya Julai 2021 yaliligharimu zaidi ya rand bilioni 30. Lakini Sasria humlipa aliyekata bima. Msomali au Mwethiopia mwenye duka dogo la mtaani, spaza, aliyenunua bidhaa kwa taslimu usiku wa jana hana cha kuwaonyesha isipokuwa majivu.

Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, reli iling'olewa Kibera na barabara ya kwenda Uganda ikafungwa. Mafuta yakaadimika Kampala na Kigali, na wafanyabiashara wa Uganda wakadai fidia ya shehena zao. Ghasia za uchaguzi zilipoikumba Tanzania Oktoba 29, 2025, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa Dar es Salaam, na safari hii ikawa zamu ya Nairobi kueleza wasiwasi kuhusu raia wake. Maneno ya barua za majirani huwa ya upole, na naelewa kwa nini. Kesho malori yatapita Namanga kama kawaida, na anayeandika leo anajua maandamano ya Juni 2024 na Juni 2025 yalivyokuwa kwake. Akidai fidia kwa sauti anajipangia bei ya ghasia zake mwenyewe. Leo kwako, kesho kwangu: methali hii ya msibani ndiyo sera halisi ya fidia katika jumuiya yetu.

Njia isiyopita wizarani ipo, Arusha. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kinamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kuishtaki nchi mwanachama katika Mahakama ya Afrika Mashariki, na mahakama hiyo haimtaki amalize kwanza mahakama za nchini. Ila anayo miezi 2 tu tangu jambo litendeke au tangu alipolijua. Sasa weka kalenda mbili mezani. Kuishtaki serikali ya Tanzania katika mahakama za nchini kunahitaji kwanza notisi ya siku 90. Mfanyabiashara mtiifu, aliyefuata ushauri wa kila mtu wa kuanza na sheria za mwenyeji, atakuwa bado anangoja notisi yake ikomae wakati mlango wa Arusha unafungwa. Sidhani kama kuna aliyekusudia mtego huu. Ila haujateguliwa.

Wenye mitaji mikubwa hujilinda kabla. Wakala wa bima wa Afrika wenye makao Nairobi, unaoitwa sasa ATIDI, huuza kinga ya ghasia za kisiasa. MIGA ya Benki ya Dunia pia. Bima nyingi za kawaida za magari na maduka huziweka ghasia pembeni hadi ulipie nyongeza, na nyongeza hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa mteja anapolia kwamba bei ni kubwa.

Mara moja tu dunia imefanya hesabu hii kwa kuanzia chini. Baada ya Iraq kuivamia Kuwait mwaka 1990, tume ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Geneva ilipokea madai kiasi cha milioni 2.7. Iliamua kuwatanguliza watu binafsi, madereva, watumishi wa nyumbani na vibarua wa Misri, India, Bangladesh na Ufilipino waliokimbia na begi moja. Kwa waliolazimika kuondoka iliweka kiwango cha mkupuo, kuanzia dola 2,500 kwa mtu, bila kumtaka athibitishe kila sufuria. Makampuni na serikali zilisubiri nyuma. Jumla iliyotolewa ni dola bilioni 52.4, na malipo ya mwisho yalifanyika Januari 2022. Iliwezekana kwa sababu mdaiwa alikuwa ameshindwa vita na ana mafuta. Ghasia za kawaida hazina mdaiwa wa namna hiyo.

Februari 2022, katika ukanda wetu, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa yaliyotendwa na jeshi lake katika vita vya 1998 hadi 2003, milioni 225 kati ya hizo kwa madhara ya watu, kwa mikupuo mitano ya milioni 65. Kinshasa iliunda mfuko wa kuwafikia waathirika, makao yake Kisangani. Mwaka 2025 aliyekuwa waziri wa sheria alitiwa hatiani katika kesi ya mamilioni ya dola ya ujenzi wa gereza mjini humo, fedha zilizotoka katika fungu hilo la fidia.

Katika shauri hilo hilo Uganda nayo ilikuwa na dai lake. Agosti 1998 askari wa Kongo waliuvamia ubalozi wake Kinshasa, na Waganda waliokuwa wakijaribu kuondoka walitendwa vibaya katika uwanja wa ndege wa Ndjili. Kuhusu ubalozi na wanadiplomasia, majaji waliiona Kongo ina hatia. Kuhusu wale wengine wa Ndjili, wasiokuwa wanadiplomasia, hukumu ya Desemba 2005 haikufika hata kwenye kilichowapata. Uganda ilikuwa haijathibitisha kwamba ni raia wake.